Uji wa oti wenye matunda kwenye sufuria ya presha: kipi kiingie mapema, kipi kisubiri

SWALI: Nina sufuria ya presha ya umeme ya lita 6, na nyumbani tuko wanne. Nataka asubuhi tule uji wa oti wenye matunda bila mimi kusimama jikoni nikikoroga. Mara ya kwanza niliweka oti, maziwa, sukari, ndizi na stroberi kwa pamoja. Chini pakashika, maziwa yakakatika, na nilipofungulia mvuke povu likaruka mpaka ukutani. Mara ya pili nilitumia maji badala ya maziwa, nikapata kitu kama gundi chenye rangi ya kijivu. Kijitabu cha sufuria nacho kinaonya kwamba oti zinaweza kuziba tundu la mvuke. Niachane nazo, au kuna namna?

JIBU: Namna ipo, dada, na sufuria yako inatosha kabisa. Shida ni kwamba umeipa presha kazi isiyo yake. Presha ni ya kuivisha punje ngumu. Oti, maji, chumvi kidogo na matunda makavu ndivyo vinavyoingia kabla mfuniko haujafungwa. Maziwa, sukari na matunda mabichi vinasubiri mpaka mfuniko ufunguliwe. Ukilishika hilo, yanayobaki ni vipimo na subira ya dakika chache.

Nianze na kijitabu, maana walioandika onyo lile hawakukurupuka. Oti zikiiva hutoa wanga pamoja na nyuzinyuzi zinazoyeyuka ziitwazo beta-glukani, na hizo ndizo zinazoufanya uji uwe mzito na wenye kuteleza. Kwenye maji matupu kiputo hupanda, kikapasuka, yakaisha. Kwenye uji wa oti kiputo hakipasuki upesi. Kinasukumwa juu na kinachofuata, povu linazidi kupanda, na likifika kwenye tundu la mvuke linaweza kuliziba. Ndiyo maana vijitabu vingi huziweka oti kwenye orodha moja na tambi, shayiri, njegere kavu zilizopasuliwa na rojo la tufaha. Itazame orodha hiyo tena: oti zimo, na matunda yaliyopondeka yamo. Wewe uliviweka vyote viwili kwa mkupuo, ukaongeza na maziwa, ambayo nayo ni bingwa wa kutoa povu.

Sasa habari ya ukuta. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ndani ya sufuria ya presha ya kuweka juu ya jiko, presha ikikamilika, yanafika karibu nyuzi 120, na nyingi za umeme huishia chini kidogo ya hapo. Presha ikishatulia, uji hautokoti kwa fujo, kwa sababu presha yenyewe inaukandamiza. Ukigeuza vali ghafla, presha inashuka mara moja lakini joto la uji bado limepita nyuzi 100, kwa hiyo uji wote, wa chini na wa juu, unatokota kwa wakati mmoja. Povu lililoruka lilizaliwa katika sekunde hizo. Kwa oti, basi, usiguse vali mpaka presha ishuke yenyewe. Ukiona una haraka kiasi kwamba huwezi kusubiri robo saa, siku hiyo kula mkate.

Kabla ya vipimo, angalia una oti za aina gani, kwa sababu gundi yako ya kijivu nadhani ilitokea hapo. Kuna oti za kukatwa: punje nzima iliyokatwa vipande viwili au vitatu, ngumu, inayofanana na mchele uliovunjika. Kuna oti bapa: punje iliyopigwa mvuke kisha ikabanwa kati ya magurudumu mpaka ikawa kama jani jembamba. Halafu kuna oti za haraka, ambazo ni bapa zilizobanwa zaidi na kukatwakatwa. Hizi za mwisho zinaiva kwa kumwagiwa maji moto, kwa hiyo kuzitia kwenye presha ni kuzisaga mara ya pili. Oti bapa zinaweza kuingia, lakini nikuambie ukweli, kwenye jiko la kawaida zinaiva kwa dakika 5 hadi 10, wakati sufuria yako inahitaji muda kama huo kupata joto tu. Ukizipika kwa presha unaokoa mkono wa kukoroga, huokoi muda. Zinazostahili presha hasa ni za kukatwa, ambazo kwenye jiko la kawaida hukuweka karibu nusu saa ukiwa na mwiko mkononi. Ukiweza kuzipata, nunua hizo.

Njia ninayokupendekezea wewe, kwa kuwa povu limeshakutisha na kijitabu kimeonya, ni ya bakuli ndani ya sufuria. Mimina kikombe kimoja na nusu cha maji kwenye sufuria, au kiasi cha chini kilichotajwa na kijitabu chako kama ni kikubwa kuliko hicho. Weka kile kistuli cha waya kilichokuja na sufuria. Juu yake weka bakuli la chuma cha pua la lita 2, lenye nafasi pembeni ya kupitisha mvuke. Ndani ya bakuli tia kikombe kimoja cha oti za kukatwa, vikombe vitatu vya maji, robo kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha siagi. Kikombe ninachokisema ni cha mililita 250, na hicho kimoja kinawatosha watu wanne. Bakuli lisipite nusu. Lifunike kwa karatasi ya foili, uibane vizuri ukingoni isije ikachomoka na kwenda kuziba tundu. Funga mfuniko, chagua presha ya juu, dakika 12. Ikimaliza, iache ishuke yenyewe kwa dakika 15 hadi 20, mpaka kile kipini cha presha kidondoke.

Faida ya bakuli ni mbili. Uji haugusi kitako cha sufuria, hivyo hauna pa kushika, na ukoko hautakuwapo. Pia kinachotokota kwa nguvu ni maji yaliyo chini, siyo uji wenyewe, kwa hiyo povu linabaki dogo na lina nafasi ya kupumulia ndani ya bakuli. Hasara ni kutoa bakuli la moto kutoka kwenye shimo refu. Kunja foili ndefu mara tatu iwe kama mkanda, ipitishe chini ya bakuli kabla ya kupika, uache ncha mbili za kushikia. Ukiweza kusubiri dakika kadhaa zaidi kabla ya kulitoa, subiri.

Ikiwa kijitabu kinaruhusu kupika nafaka moja kwa moja, na sufuria nyingi za umeme zina hata kitufe cha uji, unaweza kuachana na bakuli. Vipimo ni vilevile, kikombe kimoja kwa vitatu, dakika 5 badala ya 12. Wanaopenda punje zitafunike waweke 4, wanaopenda uji laini sana wafike hata 10. Hapa siagi si ya ladha tu, kwa sababu mafuta huvunja povu. Kaanga oti kwa siagi hiyo dakika mbili tatu kabla ya kumwaga maji, ukigeuza, mpaka zinukie kama karanga zinazoanza kuiva. Ukishamwaga maji, kwangua kitako chote kwa mwiko wa mbao mpaka usikie mbao inateleza bila kukwama popote. Chembe moja iliyoganda chini inatosha kuifanya sufuria ya umeme ilalamike kwamba chakula kinaungua na kugoma kupandisha presha. Ikilalamika, zima, subiri presha ishuke, fungua, kwangua, ongeza maji kidogo, anza upya. Kwa vyakula vinavyovimba na kutoa povu, sufuria isipite nusu, ingawa kwa vyakula vingine huruhusiwa theluthi mbili. Kikombe kimoja cha oti kwenye lita 6 hakikaribii hata robo, kwa hiyo uko salama.

Wenye sufuria za zamani zenye kizito cha kuning'inia juu ya tundu moja dogo, ambazo kijitabu chake kimekataza oti waziwazi, nawaomba watii. Tundu lile likiziba hakuna mjadala.

Mtu akifungua mfuniko mara ya kwanza hushtuka: maji yamesimama juu, oti zimelala chini, anadhani umeharibika. Usiongeze oti, wala usirudishe presha. Koroga mpaka chini, uache wazi dakika 5, utauona unakolea mbele ya macho yako, kwa sababu wanga ulioiva huendelea kunyonya maji unapopoa. Ukikolea kupita unavyotaka, hapo ndipo maziwa yanapoingia.

Maziwa yapashe pembeni, uyamimine kwenye uji uliokwisha kuiva. Sukari na protini za maziwa hushuka chini na kuungua kabla oti hazijaiva, hilo umeliona. Kuhusu kukatika, mlaumu stroberi. Protini kuu ya maziwa, kaseini, hushikamana na kuwa mabonge pale uchachu unapofikia pH (kipimo cha asidi) ya karibu 4.6, na maziwa yakiwa ya moto hayasubiri hata kufika hapo. Stroberi, nanasi, machungwa na tufaha chachu vyote vina asidi ya kutosha kuanzisha kazi hiyo. Uji ukiwa tayari, tia maziwa kwanza, koroga, halafu weka matunda chachu juu dakika ya mwisho. Bonge moja dogo likijitokeza hapo halidhuru mtu.

Twende kwenye matunda, ambako nadhani ndiko moyo wako uliko.

Makavu ndiyo peke yake ninayoyaruhusu chini ya presha: zabibu kavu, tende, tini, aprikoti zilizokatwa vipande. Yanavimba, yanalainika, na utamu wake unaingia kwenye uji wenyewe, hivyo sukari huenda usiihitaji. Ila yanakunywa maji. Kwa kila robo kikombe cha matunda makavu ongeza robo kikombe cha maji, la sivyo uji utatoka mkavu. Kijiti cha mdalasini au iliki mbili zilizopasuliwa ziingie wakati huohuo. Tende nazipenda kuliko zote. Ukizikata ndogo zinayeyuka karibu zote, uji unapata rangi ya kahawia na mtoto hawezi kuzichambua na kuziweka pembeni ya sahani.

Tufaha na pea ni matunda magumu na yanastahimili moto, lakini kumbuka orodha ya onyo. Yakate vipande vidogo, yatie baada ya kufungua mfuniko uji ukiwa bado unatoa moshi, urudishe mfuniko juu bila kufunga, dakika 5. Yanalainika nje na kubaki na uhai ndani. Ukitaka laini kabisa, yachemshe pembeni kwenye sufuria ndogo na vijiko viwili vya maji na mdalasini wakati presha inashuka. Una robo saa nzima ya kusubiri, itumie.

Ndizi na stroberi ndizo zilizokupaka rangi ya kijivu. Ndizi ikipikwa kwa joto lile huwa kijivu na kuacha ladha ya kuchosha, na stroberi hupauka, rangi yake yote ikamalizikia kwenye maji. Chukua ndizi iliyoiva mpaka ganda lina madoa meusi, ponda nusu yake uikoroge kwenye uji wa moto: hiyo ndiyo sukari yako. Nusu nyingine ikate vipande juu ya bakuli la kila mtu wakati wa kuandaa, siyo mapema, kwa kuwa ndizi iliyokatwa hukutana na hewa ikaanza kuwa nyeusi. Tone la limau hulichelewesha jambo hilo.

Bluberi zina mchezo wake. Rangi yake ni ya jamii ya antosiani, ambayo huwa nyekundu kwenye asidi na hugeuka zambarau hadi buluu asidi ikipungua. Ukiziponda kwenye uji wa maziwa, usio na asidi ya kutosha, unapata rangi ya maji ya simenti. Kamulia matone machache ya limau kwenye bluberi kabla hujaziweka juu, wekundu unarudi palepale. Matunda ya jamii hii yaliyogandishwa yana faida ya pekee: ukiyatia kwenye uji unaounguza ulimi, yenyewe yanayeyuka na uji unafikia joto la kuliwa kwa muda mmoja. Hata hivyo, yamewahi kuhusishwa na milipuko ya homa ya ini aina ya A, kwa hiyo kama nyumbani kuna mjamzito, mzee au mgonjwa, yachemshe kwanza kwa dakika moja.

Nanasi, papai na kiwi vikiwa vibichi vina vimeng'enya vinavyokata protini. Weka nanasi bichi juu ya uji wa maziwa, ukae nao ukizungumza na simu dakika 10, halafu onja: uji umelegea na una uchungu ambao haukuwapo. Hujakosea vipimo. Ni kimeng'enya cha nanasi kilichokuwa kikizitafuna protini za maziwa wakati wewe unaongea. Moto hukiua, kwa hiyo nanasi lililochemshwa kidogo au la kopo halina tabia hiyo. Au kula uji wako wa nanasi bila maziwa, ambao kwa maoni yangu ndio mtamu zaidi, ukiwa na tangawizi mbichi kidogo.

Mfaransa Denis Papin alipobuni chungu cha presha mwaka 1679, alichokuwa akikitafuta ni kulainisha mifupa. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya mifupa, stroberi inatafuta nini humo?

Umesema unataka kuondokana na kusimama jikoni. Hesabu yake ni hii: dakika 10 hivi za kupata presha, 12 za kupika, 15 hadi 20 za kushuka, 5 za kukolea. Ni dakika 40 na zaidi, wala hujaokoa saa. Ulichookoa ni kwamba katika hizo zote umefanya kazi kama dakika 5, na unaweza kuoga, kuvisha watoto na kupiga pasi. Ukiamua kutumia kipima muda ili sufuria ianze yenyewe alfajiri, oti zilale kwenye maji matupu na chumvi tu. Maziwa au matunda yaliyokatwa yasilale humo usiku kucha kwenye joto la chumba, maana hapo unafuga bakteria. Oti zilizolowana usiku huiva upesi na kutoa povu zaidi, hivyo punguza dakika mbili tatu.

Mimi ningependa zaidi upike mara mbili zaidi ya mnachohitaji, sehemu iingie kwenye friji. Kwa bakuli la lita 2 hilo halitawezekana bila kupita nusu, kwa hiyo utapika mara mbili, au utumie njia ya moja kwa moja. Gawa uji kwenye vyombo vifupi vipana ili upoe haraka, uingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita, bila maziwa na bila matunda mabichi. Unakaa siku tatu mpaka nne. Utauona umeganda kiasi cha kukatika kwa kisu, na hilo ni sawa. Tia maji kidogo, pasha polepole huku ukiuvunja kwa mwiko, utarudi.

Kuhusu afya hukuuliza, lakini wengine watauliza. Beta-glukani ileile inayotuletea povu ndiyo iliyozipatia oti sifa yake: mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu pakiti za oti ziandikwe kwamba gramu 3 kwa siku za nyuzinyuzi hizo, pamoja na mlo wenye mafuta kidogo ya aina mbaya, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Mwenye kisukari achague za kukatwa kuliko za haraka, kwa kuwa zinapandisha sukari polepole, na asirundike tende. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye utumbo wake hudhurika kwa gluteni, protini ya ngano, atafute pakiti iliyothibitishwa kutokuwa nayo, kwa kuwa oti za kawaida huchanganyika na ngano shambani au kiwandani. Asali mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe.

La mwisho ni usafi, na kwa oti hili si la hiari. Kila baada ya kupika, toa vali na kile kikofia kidogo kilicho upande wa ndani wa mfuniko, uvioshe kwa maji ya moto. Uteute wa oti ukikauka huwa mgumu kama gundi ya mbao, na hauonekani kwa kutazama juujuu. Inua mfuniko kuelekea dirishani, uchungulie kwenye tundu. Usipoona mwanga, zibua kwa kijiti kabla ya kupika chochote. Mpira wa mfuniko nao unashika harufu. Ikiwa jana ulipika nyama kwa vitunguu saumu, leo uji wako wa stroberi utakuambia. Nunua mpira wa pili unaolingana na sufuria yako, uuweke kwa ajili ya vyakula vitamu pekee.